Anwani kwanza, tiketi za watoto baadaye

Mfululizo wa kuhamia nje na familia, sehemu ya 4

Tangu niandike ile sehemu ya mtihani wa Kiingereza na usajili wa NMC, swali ninalopokea zaidi si la mtihani tena. Ni hili: "Sista, viza yangu ya Uingereza imetoka, ya mume na za watoto nazo zimetoka. Tuondoke wote siku moja, au nitangulie?"

Tangulia. Na usitangulie kwa ajili ya kazi tu, tangulia kwa ajili ya nyumba. Hiyo nyumba nayo itafute ukiwa na ramani ya shule mkononi. Najua wapo watakaonuna, maana kumwacha mtoto ni kitu kinachouma, na mimi ni mama kama nyie. Ila nisomeni mpaka mwisho kwanza.

Hapa kwetu nyumba na shule ni mambo mawili mbalimbali. Unapanga Chamazi kwa sababu kodi unaimudu. Mtoto anasoma Kurasini kwa sababu shule umeipenda. Katikati yupo dereva wa basi la shule anayempitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto bado anasinzia. Wa shule ya serikali anajipandia daladala na wenzake, au anaingia zamu ya mchana kwa sababu darasa halitoshi. Ukihama Tandika kwenda Bunju mwezi wa tano, unamwacha kwa shangazi yake mpaka mwaka uishe. Tumezoea hivyo, na kwa namna fulani mambo yanakwenda.

England haiendi hivyo. (Nasema England, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.) Shule ya serikali ni bure kweli, na mtoto wa muuguzi mwenye viza ya kazi ana haki ya kusoma. Yale maneno ya kwenye viza kwamba hamruhusiwi kupokea misaada ya serikali hayahusu shule, ondoeni hofu. Lakini bure haina maana kwamba nafasi inakusubiri. Maombi unapeleka kwa halmashauri ya eneo unaloishi, na shule ikiwa na waombaji wengi kuliko viti, kitu kimojawapo kikubwa kinachoangaliwa ni umbali kutoka mlangoni kwako mpaka shuleni. Kwa hiyo siku unaposaini mkataba wa nyumba, kwa sehemu kubwa umeshasaini na shule. Wengi wetu hatulijui hilo, tunatafuta nyumba kwa bei kama tulivyozoea Mbagala, halafu ndipo tunaulizia shule iko wapi.

Nina mwenzangu tuliyesoma naye stashahada. Ameniruhusu nieleze yake bila jina wala mji. Waliondoka wote wanne mwezi wa kumi na moja. Hospitali ilimpa chumba cha wauguzi kwa miezi ya mwanzo, na chumba chenyewe ni cha mtu mmoja, watoto hawaruhusiwi. Kwa hiyo baba na watoto wakafikia kwa ndugu, mama akalala kwenye kile chumba cha wauguzi. Familia imevuka bahari ili iishi pamoja, halafu inalala nyumba mbili katika mji mmoja.

Sasa likaja suala la shule. Halmashauri ikataka uthibitisho wa makazi: mkataba wa nyumba, au bili ya kodi ya halmashauri, au barua ya mwenyeji pamoja na bili yake. Ndugu akaanza kuzungukazunguka. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Kule mtu mzima anayeishi peke yake anapunguziwa asilimia 25 ya kodi ya halmashauri, na huyu ndugu alikuwa anapata hilo punguzo. Mkataba wake pia ulimkataza kuweka watu wengine bila ruhusa ya mwenye nyumba. Akiandika barua kwamba ana wageni watatu, anajichongea. Watoto wakakaa wiki saba ndani wanaangalia katuni, wa miaka sita na wa tisa.

Tunaposema "tutafikia kwa mjomba", tujiulize kama mjomba yuko tayari kuandika barua. Kama hayuko tayari, hapo una pa kulala lakini huna anwani. Mpigie umuulize kabla hujakata tiketi, kwa heshima lakini waziwazi. Wengine wataona unawachimba. Afadhali aibu ya dakika tano kwenye simu.

Wale watoto walipata nafasi hatimaye, kila mmoja shule yake. Sheria ya England inataka madarasa matatu ya mwanzo, yaani ya watoto wa miaka minne mpaka saba, yasizidi wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja. Hiyo 30 hawaichezei kama sisi tunavyoongeza dawati. (Upo upenyo: mtoto aliyehamia katikati ya mwaka, na hakuna shule nyingine ya umbali unaofaa yenye nafasi, anaweza kuongezwa juu ya 30. Uliza, usisubiri uambiwe.) Mdogo akakosa pale alipopata mkubwa. Shule zote mbili zinaanza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na zinafungwa saa tisa na robo hivi, na mtoto mdogo harudi peke yake, lazima mtu mzima ampokee mlangoni. Mama zamu yake inaanza saa moja na nusu asubuhi, masaa kumi na mawili na ushee. Baba naye ameshapata kazi ghalani. Dada wa kazi hakuna. Bibi hayupo. Jirani wa kumwambia "niangalizie kidogo" hamjuani. Hapo mishahara miwili inageuka mmoja na nusu, na pesa ya kumlipa mlezi inatoka kwenye hiyohiyo nusu.

Ndiyo maana nasema anwani kwanza.

Upande wa kupanga, kuna mambo yatakufurahisha na mengine yatakushangaza. Kule dalali haruhusiwi kukutoza mpangaji hela ya kuzungushwa. Tangu Juni 2019 sheria imekataza, siyo kama hapa unatoa elfu kumi, elfu ishirini, kuonyeshwa vyumba ambavyo vimeshapangishwa. Kodi ni ya mwezi kwa mwezi, hakuna habari ya miezi sita au mwaka. Amana ya kurudishiwa siku mkihama haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida kama zetu. Tufanye mfano: nyumba ya pauni 1,200 kwa mwezi, amana ni kama pauni 1,385, jumlisha mwezi wa kwanza, unakaribia pauni 2,600 hujanunua hata kitanda. Na nyumba nyingi hupewi na fanicha.

Kinachoshangaza ni kwamba hela yako peke yake haitoshi. Mwenye nyumba wa England anatakiwa kisheria akague kama una haki ya kuishi nchini, na siku hizi mnamwonyesha kwa ile viza ya kielektroniki, kila mtu mzima na ya kwake. Halafu anataka historia yako ya kulipa madeni nchini mwao, ambayo wewe uliyeshuka juzi huna, au mdhamini anayeishi Uingereza. Zamani mgeni asiye na mdhamini alijiokoa kwa kulipa miezi sita mbele. Sheria mpya ya upangaji ya mwaka 2025 inasema kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele. Ni sheria nzuri, na inakataza pia kumkataa mpangaji kwa sababu ana watoto. Lakini kwa mgeni, mimi naiona ina makali pande mbili, maana ile karata moja uliyokuwa nayo, ya kuweka hela mezani, imeondolewa. Kilichobaki ni hati za mshahara. Na hati za mshahara anazo aliyeanza kazi! Miezi miwili mitatu ya kazi, barua ya mwajiri, akaunti ya benki inayoonyesha mshahara unaingia, hapo mwenye nyumba anakuangalia kwa jicho lingine. Anayefika leo na watoto watatu na kutafuta nyumba kesho, anaishia kwa wale wenye nyumba ambao hawaulizi chochote, na sababu ya kutouliza utaijua ukishaona ukungu ukutani. Kama nesi nawaambia, ukungu na kifua cha mtoto haviendi pamoja.

Na tafadhali, msitume hela ya nyumba mkiwa Dar kwa picha za mtandaoni. Awepo mtu unayemwamini aingie ndani kwa miguu yake. Hivyohivyo kwa anayewauzia "safari ya familia, kazi, nyumba na shule" kwa bei moja. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza imejiwekea kanuni ya kutokuja kuwatafuta wauguzi kwenye nchi hizo. Wewe mwenyewe ukiomba kazi moja kwa moja huzuiwi. Ila wakala anayekuja kukuokota Temeke anafanya kinachokatazwa kule, sasa jiulize uaminifu wake kwenye mengine. Na kazi ya kulea wazee, tofauti na uuguzi wa usajili, tangu 11 Machi 2024 anayeingia nayo haruhusiwi kuleta mume wala watoto, na tangu 22 Julai 2025 haitoi tena viza mpya kwa walioko nje. Anayekuambia vinginevyo anakula hela yako.

Hiyo tarehe ya Machi 2024 ndiyo inayowafanya wengi wakimbilie kuondoka wote. "Mlango ukifungwa je, watoto wakabaki?" Hofu hiyo naielewa, na ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Jibu langu ni kwamba viza na safari ni vitu viwili. Ombeni viza pamoja kama hela inatosha, safirini kwa awamu. Tena kwenye hela ya kuonyesha benki, ukiacha yako wewe, ni pauni 285 kwa mwenza, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila anayefuata, ikae siku 28, isipokuwa mwajiri akikubali kuwadhamini kwa maandishi. Mkishapata, kagueni tarehe zilizoandikwa na mpange ndani yake. Baba abaki na watoto, mama atangulie, au kinyume chake kama baba ndiye mwenye kazi.

Sasa kutangulia kwa muda gani? Hapa ndipo nitakuwa mkali. Nafanya kazi wodi ya watoto, nawaona wanaoletwa na bibi. Homa ambayo ukiipima haipo, tumbo linalouma kila jioni, mtoto wa miaka saba aliyeanza tena kukojoa kitandani. Bibi anasema "ni tangu mama yake aondoke". Sisemi kila mtoto aliyeachwa anaumwa. Wengi wanakula, wanacheza, wanakua. Lakini "nitawafuata nikijipanga" isiyo na tarehe ndiyo inayowatesa, kwa sababu mtoto hana cha kuhesabu. Mimi mpaka wangu ni miezi sita. Mwambie mwezi, mwekee kalenda ukutani, akate siku kwa kalamu. Ukiona miezi sita haitatosha, ahirisha kuondoka.

Na hiyo tarehe isiamuliwe na bei ya tiketi. Mwaka wao wa shule unaanza Septemba, si Januari. Mtoto anayeombewa nafasi katikati ya mwaka, jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 15 za shule, yaani wiki tatu za kazi. Sikieni hapo, siku za shule. Zikifungwa mwishoni mwa Julai, siku hizo hazihesabiki mpaka Septemba. Hapa kwetu shule zinafunga mwezi wa sita. Mama akitangulia Januari au Februari, nyumba akaipata Aprili au Mei, watoto wakaruka mara tu wanapofunga shule hapa, maombi yakaingia katikati ya Juni, majibu yanaweza kutoka kabla shule za kule hazijafungwa. Wanapumzika Julai na Agosti, wanazoea baridi (hiyo ndiyo wanaiita joto), wanajifunza njia ya kwenda shule, na Septemba wanaanza na wenzao siku moja. Wale wa mwezi wa kumi na moja wanaingia gizani, saa kumi jioni jua limezama, watoto darasani wameshapata marafiki.

Jambo la umri pia lipangeni mapema. Kule mtoto hapangwi kwa darasa alilofika, anapangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, kuanzia 1 Septemba mpaka 31 Agosti. Mwanao wa miaka kumi aliyeko darasa la nne hapa atakuta amewekwa mwaka wa sita, ambao ndio wa mwisho shule ya msingi. Msishangilie kwamba amerushwa wala msilie kwamba ameonewa, ndivyo walivyo wote. Ila ujue mwaka huohuo maombi ya sekondari yanafungwa 31 Oktoba. Ukifika Novemba na mtoto wa mwaka wa sita, ombi lako linashughulikiwa baada ya waliowahi, unapata kilichobaki. Kwa anayeanza darasa la kwanza kabisa, lile la miaka minne, mwisho ni 15 Januari. Na mdogo wa miaka mitatu au minne ana masaa 15 ya chekechea bure kwa wiki kipindi cha masomo, hata nyie wenye viza ya kazi mmo.

Mwenye mtoto wa miaka kumi na tano, huyo nina maoni tofauti kidogo. Mtihani wao wa GCSE, ambao ni kama kidato cha nne chetu, unasomewa miaka miwili, wa kumi na wa kumi na moja. Kumtoa kidato cha tatu hapa ukamwingiza katikati ya mwaka wa kumi na moja kule, ni kumpa miezi michache kwa masomo ya miaka miwili, kwa lafudhi asiyoizoea. Mimi ningemwacha amalize kidato cha nne Novemba, aende na cheti, aanzie chuo cha kule. Hapo navunja mpaka wangu wa miezi sita, najua. Kijana wa umri huo anaelewa sababu ukimweleza, mtoto wa miaka mitano haelewi. Ila angalieni asifikishe miaka 18 kabla hajaombewa viza.

Kuhusu "shule nzuri". Akina mama wa Dar tunapenda jina la shule, tunapenda rangi ya sweta. Mtafika kule mkiulizia zile zilizosifiwa na wakaguzi wa Ofsted. Kwanza lile neno moja la kuipa shule daraja wameliacha kwa shule za serikali tangu Septemba 2024, sasa inabidi usome ripoti yenyewe. Pili, nyumba zilizo jirani na shule zenye sifa kodi yake imepanda kwa sababu hiyohiyo, na viti vyake ndivyo vinavyojaa mapema. Ningekuwa mimi, ningepiga simu halmashauri kabla ya kusaini nyumba, niulize: shule zipi hapa zina nafasi leo kwenye mwaka wa pili na mwaka wa tano? Nikipata shule moja yenye nafasi zote mbili, ya kawaida tu, natafuta nyumba hatua kumi na tano kutoka hapo, hata kama mimi nitapanda basi dakika arobaini kwenda hospitali. Mama anaweza kupanda basi. Na kama halmashauri imewapangia shule ya mbali kwa sababu ya karibu imejaa, dai usafiri: zaidi ya maili 2 kwa mtoto chini ya miaka minane, zaidi ya maili 3 kwa mkubwa, kama hiyo ndiyo shule ya karibu inayofaa yenye nafasi, usafiri ni bure. Ukinyimwa nafasi una haki ya kukata rufaa pia, na utaratibu wake wanatakiwa wakuandikie kwenye barua.

Akina baba mnaobaki, neno moja. Miezi hiyo sita si ya kumwachia bibi kila kitu. Wewe ndiye utakayekuwa unasimama mlangoni pa shule kule saa tisa na robo mama akiwa kazini, basi anza mazoezi Mbagala: kumwogesha, kumkagulia daftari, kujua mtoto wako ana mzio wa nini.

Kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku, wekeni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, ripoti za shule za mwaka wa mwisho, barua ya mwalimu mkuu yenye mhuri, na kadi ya kliniki. Kadi ya kliniki jamani! Shule haitamkataa mtoto kwa kukosa chanjo, lakini daktari wa kule atataka kujua kipi kimeshachomwa, na asipojua ataanza upya. Kama imepotea au imeliwa na panya, nenda kituo ulichokuwa unampeleka, waombe wakutolee kumbukumbu kwenye rejista. Msije siku moja kabla ya safari mkatukuta na foleni.

Sehemu ya 5 ni ya zamu za usiku: nani analala na watoto wakati mama yuko naiti.